Ukuta wa Mtu, Hewa ya Kichochoro

Kiyoyozi cha ukutani, yaani mashine moja ya kupooza na kupasha joto inayopachikwa katika tundu lililotobolewa unene mzima wa ukuta, nusu yake ikaelekea chumbani na nusu ya pili ikatokeza nje, ni miongoni mwa vyombo vichache vya nyumbani ambavyo maumbile yake yenyewe huibua swali la haki. Sababu ni kwamba mashine hiyo haizalishi baridi. Gesi iliyomo katika mabomba yake hugeuka mvuke upande wa ndani na kufyonza joto la chumba, kisha kompresa huishindilia na kuisukuma upande wa nje, ambako hurudi kuwa kimiminika na kulitua joto ililolibeba. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kwa saa huondoa chumbani takriban kilowati 3.5 za joto. Na kwa kuwa umeme unaokiendesha nao huishia kuwa joto, kikitumia kilowati 1.2 basi aliye nyuma ya ukuta hupokea kilowati 4.7. Anayepokea hupata zaidi ya kile aliyepoozwa alichoondolewa, na hakuna ufundi utakaoifuta ziada hiyo, kwa kuwa ni kanuni ya maumbile. Katika nchi za baridi valvu hugeuza mwendo wa gesi, mashine ikachota joto la nje na kuliingiza ndani, lakini katika mwambao wa Afrika Mashariki upande huo wa kazi yake hauna mteja.

Swali linalozaliwa hapo lina sura mbili. Ya kwanza ni iwapo mtu anayejipatia raha kwa njia hii ana deni kwa yule aliye upande wa pili. Na ya pili, ambayo ndiyo ngumu zaidi, ni iwapo haki ya mtu juu ya ukuta wake huvuka ukuta huo na kuifikia hewa iliyo mbele yake. Wanasheria wa Kiislamu hawakukijua kiyoyozi, lakini walizijua kuta, boriti, milizamu, moshi wa hamamu na mtikisiko wa vinu, na waliyajadili hayo kwa undani ambao msomaji wa leo anaweza kuushangaa. Katika fikihi, yaani elimu ya hukumu za sheria, vitabu vya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa mwambao, huyaweka mengi ya masuala hayo katika mlango wa suluhu, mahali panapozungumziwa namna watu wanavyopatana juu ya mali na mipaka.

Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, unafaa kuwa uwanja wa kulipimia suala hili, kwa kuwa huko ukuta si kitu chepesi. Nyumba za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zikiwa na unene wa nusu mita au zaidi, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko ambazo urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba, kiasi cha mita 3 hivi. Mara nyingi nyumba huegemeana, na kati ya safu moja na nyingine kuna kichochoro ambacho watu wawili wakikutana, mmoja akiwa na mzigo, mwingine hulazimika kujibanza. Fundi anayetoboa ukuta wa namna hii hakuti tofali alilolizoea bali mawe yasiyolingana yaliyoshikanishwa kwa chokaa na kifusi, ambayo likiondolewa moja huanza kumwagika mengine, hivyo hulazimika kuweka linta kwanza, kuingiza kasha la bati, na kulilaza kwa mwinamo mdogo kuelekea nje ili maji yanayotoneshwa na mashine yasirudi chumbani. Akiziba pembeni kwa saruji badala ya chokaa, kama wengi wafanyavyo kwa sababu saruji hukauka upesi, unyevu hunaswa ndani ya ukuta, na ncha za boriti zilizozikwa humo huanza kuoza bila ya mtu kuona.

Suala la iwapo inajuzu kwa Muislamu kutafuta ubaridi halihitaji maneno mengi. Mtume Muhammad aliagiza sala ya adhuhuri icheleweshwe hadi joto litulie pale linapokuwa kali, na sheria inayosogeza sala kwa ajili ya joto haiwezi kumlaumu mtu kwa kulikimbia joto. Wanazuoni wa misingi ya sheria, akiwemo Ghazali aliyefariki mwaka 1111, waliyapanga maslahi ya watu katika daraja tatu: dharura, ambayo bila yake maisha huharibika, haja, ambayo bila yake maisha huwa mazito, na mapambo, ambayo huyapendezesha tu. Kiyoyozi cha mgonjwa anayeungua homa katika kaskazi, na kile kinachopooza sebule tupu ili mgeni akifika aikute tayari, havikai katika daraja moja, ingawa ni mashine ya aina moja iliyotoka katika boksi la aina moja. Lakini daraja hizo hupima uzito wa anachokitaka mwenye nyumba, na hazisemi chochote kuhusu mahali pa kulitupia joto.

Kuhusu ukuta wenyewe, kuna hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Huraira, na iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, inayomkataza mtu kumzuia jirani yake kuingiza boriti katika ukuta wake. Imamu Shafi, katika kauli yake ya kale, yaani rai alizokuwa nazo kabla ya kuhamia Misri, aliichukua hadithi hiyo kuwa ni amri; katika kauli yake mpya, ambayo ndiyo iliyoshikwa na Imamu Nawawi katika kitabu cha Minhaj, mwenye ukuta halazimishwi, na ombi la jirani hutegemea ridhaa. Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anakwenda mbali zaidi: ukuta ukiwa wa ubia kati ya watu wawili, hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa kupigilia kigingi wala kutoboa tundu la hewa bila ya idhini ya mwenzake, ijapokuwa kila mmoja ana haki ya kuuegemea. Iwapo mwenye ukuta ataridhia boriti ya jirani bila ya malipo, ridhaa hiyo huhesabiwa kuwa ni azima, naye anaweza kuirejesha nyuma, ama kwa kuiacha boriti ibaki kwa kodi, ama kwa kuing'oa na kufidia hasara.

Kwa mizani hii, tundu la kiyoyozi katika ukuta wa ubia halina utata: bila ya idhini ni uvamizi, hata kama jirani yuko safarini Muscat na hatarajiwi kurudi. Hali huwa na uzito zaidi ukuta unapokuwa wa wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe wala isirithiwe ili manufaa yake yaendelee kwa walioandikiwa, na Mji Mkongwe una nyumba nyingi za namna hiyo. Mpangaji wa nyumba ya wakfu anamiliki manufaa kwa muda na hamiliki jiwe hata moja, kwa hiyo ridhaa yake kwa fundi haitoshi. Na msimamizi naye, kwa kuwa ni mwekewa amana tu, hana ruhusa ya kuridhia jambo linalopunguza umri wa jengo. Boriti iliyooza kwa sababu ya tone la kila siku ni upungufu katika asili ya wakfu, wala si uchakavu wa kawaida.

Lakini ukuta ukiwa wa mtu peke yake, Minhaj inaruhusu kutoboa tundu, hata linaloelekea katika kichochoro. Hapa ndipo wasomaji wengi huishia na kudhani kwamba suala limekwisha. Halijakwisha, kwa sababu kutoboa ni jambo moja na kuchomoza ni jingine. Kuhusu vitu vinavyochomoza kutoka ukutani na kuning'inia juu ya njia, wanasheria wanatofautisha njia inayopenya, ambayo ni haki ya wapitaji wote, na kichochoro kisichopenya, ambacho ni haki ya wenye milango humo. Katika njia inayopenya mtu anaweza kutoa roshani au kujenga kile ambacho watu wa Lamu hukiita wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya njia kuziunganisha nyumba mbili, kwa sharti kwamba hakiwadhuru wapitaji. Na sharti hilo halikuachwa hewani: anayepita chini aweze kupita amesimama wima, na iwapo ni njia ya misafara, basi urefu umtoshe ngamia mwenye kibanda cha abiria mgongoni. Katika kichochoro kisichopenya hakuna anayeruhusiwa kuchomoza chochote ila kwa ridhaa ya wakazi wenzake, hata kama kinachochomoza kiko juu kiasi gani.

Mgongo wa kiyoyozi ni kitu kilichochomoza. Huenda umetoka sentimita 30 tu, lakini katika njia ambayo upana wake hauzidi mita 2 sentimita hizo si chache, na zikiwa kwenye usawa wa kichwa cha mchukuzi huwa ni dhara iliyokwishatajwa kitabuni kabla ya mashine yenyewe kubuniwa. Tena kinachochomoza hapa si bati peke yake. Roshani hutoa kivuli. Wikio hutoa kivuli. Mashine hii hutoa upepo wa moto, mvumo na maji. Ikiwa wanasheria waliweka masharti juu ya kitu kilichotulia, masharti hayo hayawezi kuwa mepesi kwa kitu kinachopuliza.

Juu ya maji, mfano wa karibu zaidi ni mlizamu, mfereji mfupi unaotoa maji ya paa na kuyamwaga njiani. Inasimuliwa katika Musnad ya Imamu Ahmad kwamba nyumba ya Abbas, ami yake Mtume, ilikuwa na mlizamu uliokuwa juu ya njia aliyopita khalifa Umar. Siku moja ya Ijumaa Umar alikuwa amevaa mavazi yake ya sala, na nyumbani kwa Abbas palikuwa pamechinjwa vifaranga viwili. Maji yenye damu yakamwagwa na kumdondokea. Umar akaamuru mlizamu ung'olewe, akarudi kubadili nguo, akaenda kusalisha. Baadaye Abbas alimwendea na kumweleza kwamba aliyeuweka mahali pale alikuwa Mtume mwenyewe, na Umar akamwapiza apande juu ya mgongo wake na kuurudisha ulipokuwa. Kisa hiki hutajwa kuwa ni ushahidi kwamba milizamu inajuzu, na ni kweli. Lakini hutajwa kwa haraka mno. Mlizamu ule ulirudi kwa sababu ulikuwa na idhini ya kiongozi wa umma, wala haukurudi kwa sababu Abbas alikuwa mwenye nyumba. Nawawi anaiweka hukumu kwa mizani ileile, akiruhusu milizamu juu ya barabara na papo hapo akishika, kwa kauli mpya, kwamba kinachoharibiwa nayo ni dhima ya mwenye mlizamu. Ruhusa na dhima huenda pamoja. Maji ya kiyoyozi hayana damu ya vifaranga, ni mvuke wa hewa uliogeuka matone, na hakuna sababu ya kuyahesabu kuwa najisi, hivyo kanzu iliyodondokewa inafaa kusalia. Hata hivyo dhara haikuwahi kupimwa kwa najisi peke yake, na ukuta wa jirani ulioota kuvu hautakaswi kwa kuambiwa kwamba maji yaliyouharibu ni safi.

Yanabaki mvumo na joto, na hapa madhehebu yanaachana. Wafuasi wa Imamu Malik waliipa uzito mkubwa hadithi inayokataza mtu kudhuru na watu kudhuriana, ambayo Nawawi naye ameiingiza katika mkusanyiko wake wa hadithi Arubaini. Ibn al-Rami, fundi mkuu wa ujenzi wa Tunis aliyefariki mwaka 1334 na ambaye makadhi walimtuma kukagua majengo yenye ugomvi, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo, na humo ameeleza namna ya kupima iwapo kinu kinautikisa ukuta wa jirani. Karatasi hufungwa nyuzi katika pembe zake nne na kuning'inizwa, juu yake huwekwa punje kavu za giligilani, kisha mwenye kinu huamriwa akiendeshe. Punje zikicheza, kinu kiondoke. Zisipocheza, mlalamikaji anyamaze. Ni vigumu kuupata ushahidi bora zaidi kwamba fikihi ilijua kutenganisha dhara ya kweli na chuki ya jirani, na kipimo hicho kingeweza kutumika leo juu ya ukuta wenye kompresa bila ya kubadilishwa chochote.

Washafi walikuwa wapole zaidi kwa mwenye mali. Katika Minhaj mtu anaweza kuigeuza nyumba yake iliyo katikati ya makazi kuwa hamamu au zizi, na duka lake lililo kati ya wauza nguo kuwa la mhunzi, mradi achukue tahadhari na kuziimarisha kuta. Na wafafanuzi wa baadaye waliliweka jambo hilo katika kanuni kwamba mtu huzuiwa yale yanayoidhuru mali ya jirani, na hazuiwi yale yanayomdhuru jirani mwenyewe kwa harufu, moshi au kelele, maadamu anakwenda kwa desturi. Mwenye kiyoyozi katika Mji Mkongwe anaweza kuichukua kanuni hii na kusema kwamba maji yanayoozesha boriti ni kosa lake, lakini joto linalomtoa jirani barazani ni bahati mbaya ya jirani, kwa kuwa viyoyozi vimekuwa desturi.

Hoja hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza iko katika neno desturi, kwani desturi inayozungumzwa na wanasheria ni ile ambayo watu wa mahali wameshirikiana kuibeba, kama moshi wa jikoni ambao kila nyumba hutoa na kila nyumba hupokea. Kiyoyozi hakiko hivyo. Katika kichochoro kimoja watakuwamo wanaotoa joto na wasiolipokea kwa sababu madirisha yao yamefungwa, na watakuwamo wanaolipokea bila ya kulitoa kwa sababu hawana fedha za mashine wala za umeme; na desturi iliyoanzishwa na upande mmoja haiwezi kuwa hoja dhidi ya upande ambao haukuwahi kuulizwa. Kasoro ya pili ndiyo inayomaliza ubishi. Uhuru ambao Washafi walimpa mtu ni uhuru wa kutenda ndani ya milki yake, na hamamu ile, pamoja na joto lake lote, ilikuwa imesimama juu ya ardhi ya mwenyewe na ndani ya kuta zake. Mgongo wa kiyoyozi cha ukutani haumo ndani ya milki ya mwenyewe: umening'inia katika hewa ya njia, na hewa ya njia hufuata hukumu ya njia. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyeitoa nusu ya mashine yake kichochoroni hawezi kuikimbilia kanuni ya wenye milki. Amejitoa mwenyewe katika kanuni hiyo na kuingia katika ile ya vitu vinavyochomoza, ambayo msingi wake ni usalama wa wapitaji na, katika kichochoro kisichopenya, ridhaa ya wakazi wote. Kinyume chake, aliyeielekeza nusu ya nje katika ua wake au juu ya paa lake, na kuyachukua maji kwa bomba hadi shimoni, yumo ndani ya milki yake na uhuru ule ni wake.

Tofauti hiyo ya mahali hutatua pia jambo ambalo wanafalsafa wa maadili huliona gumu, yaani dhara inayotokana na wengi bila ya mmoja wao kuwa na hatia ya kutosha. Mashine moja katika kichochoro ni kero ndogo inayovumilika. Ishirini hukigeuza kuwa tanuri, na kila mwenye mashine anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba yake ikizimwa hakuna atakayetambua. Hukumu ya ridhaa ya wakazi haisubiri dhara ikamilike ndipo itafute mwenye kosa, kwa kuwa inamtaka mtu wa kwanza aulize kabla ya kutoboa, na wa kwanza akiuliza, wakazi hulazimika kujiuliza juu ya wa ishirini.

Kwa upana wa dunia nzima hali ni ileile, isipokuwa hakuna baraza la wakazi linaloweza kuitishwa likaenea. Gesi za viyoyozi zilizokuwa zikila tabaka la ozoni zilidhibitiwa na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, na zile zilizochukua nafasi yake, ambazo haziligusi tabaka hilo lakini huzuia joto angani kwa nguvu kuliko hewa ya ukaa mara mamia na hata maelfu, zikawekewa ratiba ya kupunguzwa katika marekebisho yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 kuhusu utunzaji wa mazingira, alichagua ongezeko la viyoyozi kuwa mfano wa mazoea ya matumizi yanayojidhuru yenyewe, na baadhi ya wasomaji walimcheka kwa kushuka hadi kwenye jambo dogo hivyo. Wanasheria waliohesabu urefu wa ngamia na kibanda chake wasingemcheka.

Pa kuanzia ni misikitini. Viyoyozi vya misikiti vingi hununuliwa kwa sadaka na huendeshwa kwa fedha ya waumini, wanaosali ndani hupata utulivu, na joto lao humwagwa juu ya vibaraza vya nje, wanakokaa vipofu, wauza kahawa na wale waliochelewa safu. Msikiti hauna udhuru wa mtu binafsi wa kutojua hukumu, na paa lake mara nyingi lina nafasi tele. Wasimamizi wa wakfu katika miji ya mwambao wanaombwa basi, kabla ya kutoa idhini ya tundu jingine lolote, waitoe migongo ya mashine za misikiti yao vichochoroni na kuipandisha juu, wayafungie maji yake bomba, wazibe matundu ya zamani kwa chokaa na si kwa saruji, na gharama ya kazi hiyo waihesabu kuwa ni deni la msikiti kwa majirani zake na kuilipa kabla ya zulia jipya.